Nani Ameshika Muda? Demo na sanaa ya pedi kwenye mashine za gemu

Hii ni hotuba nzima iliyotolewa mbele ya wasanii wa dijitali na waandishi wa programu. Imewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Vipande vilivyoonyeshwa ukutani havimo, lakini maneno yamebaki kama yalivyosemwa.

Ndugu zangu wasanii, ndugu zangu waandishi wa programu, walimu wetu, na ninyi vijana mliokaa sakafuni pale mbele kwa sababu viti vimekwisha: karibuni, na asanteni kwa kuja.

Naanza na swali. Ukitazama filamu, muda ameushika nani? Ameushika mwongozaji. Ukitaka usitake, picha inakwenda. Ukicheza gemu, muda ameushika nani? Umeushika wewe. Ukisimama, gemu linakusubiri. Sasa je, ikiwa kazi ni muziki na picha zilizopangwa kwa sekunde, halafu mtazamaji akapewa pedi, yaani kidhibiti cha kuchezea gemu, mkononi, muda ni wa nani? Swali hilo ndilo nililokuja nalo leo, na kila nitakachosema kinaliendea.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani. Demo ni programu ambayo ukiiwasha inachora picha na kupiga muziki papo hapo. Si video. Kila fremu inakokotolewa wakati ule ule unapoitazama. Mchezo huu ulianza miaka ya 1980 Ulaya, kwa vijana waliokuwa wakivunja kinga za gemu za Commodore 64 na baadaye Amiga. Mbele ya gemu walilolivunja walibandika kipande kidogo chenye jina la kikundi, muziki na salamu kwa wenzao. Kipande kikakua, kikapendeza, mwishowe kikajitenga kabisa na uvunjaji. Mwaka 1992 mikutano ya Assembly kule Finland na The Gathering kule Norwe ilianza, na leo Revision ya Saarbrücken, Ujerumani, huwakusanya watu kila Pasaka. Finland iliingiza sanaa hii kwenye orodha yake ya urithi hai wa taifa mwaka 2020, Ujerumani na Poland zikafuata mwaka 2021. Kwa hiyo msimruhusu mtu awaambie kwamba mnachokifanya ni utoto.

Na kwa nini mashine za gemu? Kwa nini mtu mwenye kompyuta nzuri ajisumbue na Game Boy? Kwa sababu mashine ya gemu haibadiliki. Kompyuta yako na ya jirani yako zina kadi tofauti na kasi tofauti. Game Boy ya mwaka 1989 iliyoko Osaka na iliyoko Mombasa zinahesabu muda kwa namna moja. Unachokipima kwenye yako, umekipima kwenye zote. Hapo ndipo sanaa yenyewe inapopata pa kusimama.

Basi tuanze na muda wa mashine.

Chukueni Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977. Kumbukumbu yake ni baiti 128. Narudia: baiti, si kilobaiti. Haina mahali pa kuhifadhi picha ya skrini. Hakuna picha iliyokaa mahali ikisubiri kuonyeshwa! Mwali wa televisheni unachora mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na programu inabadilisha rejista, yaani visanduku vidogo vya namba, za chipu ya picha, TIA, wakati mwali uko njiani. Ni kazi ya msusi wa mkeka ambaye hana mkeka, ana ukili mmoja tu mkononi, na ukimpita haurudi.

Hesabu yake iko hivi. Kwa NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani, fremu moja ina mistari 262: mitatu ya kuiambia televisheni fremu mpya inaanza, 37 ya giza la juu, 192 ya picha, na 30 ya giza la chini. Kila mstari una mizunguko 76 ya prosesa. Katika hiyo, ile 22 ya mwanzo mwali umezimwa, unarudi upande wa kushoto. Baada ya hapo picha inaanza kutoka. Mandhari ya nyuma inashikwa na rejista tatu, PF0, PF1 na PF2. Kusoma thamani moja kutoka kwenye jedwali ni mizunguko 4, kuiandika kwenye rejista ni 3. Saba mara tatu, ishirini na moja. Mnaona? Rejista zote tatu zinaingia kabla mwali haujawaka, na unabakiwa na mzunguko mmoja hivi.

Lakini hapo umepata nusu ya skrini tu, nusu ya pili inajirudia au kugeuka kama kioo. Ukitaka upande wa kulia uwe na picha yake, lazima uandike tena mwali ukiwa katikati ya safari. PF0 ya kulia iandikwe baada ya mzunguko wa 28 na kabla ya 49. Ukiwahi, unaharibu kushoto. Ukichelewa, unaharibu kulia. PF2 ya kulia, baada ya 49 na kabla ya 65. Huo ndio mlango, na mlango huo ni mwembamba.

Na kinachoharibika mara nyingi ni nini? Si hesabu ya kwanza. Ni hii: kwenye prosesa ya ukoo wa 6502, tawi, yaani amri ya kuruka kwa sharti, lisipochukuliwa linakula mizunguko 2, likichukuliwa 3, na likivuka mpaka wa ukurasa wa baiti 256 linakula 4. Kwa hiyo unaandika programu, inatulia. Kesho unaongeza maneno mawili ya salamu juu kabisa, msimbo wote unasogea chini, tawi lako linavuka ukurasa bila wewe kujua, na picha inaanza kutetemeka. Unatafuta kosa kwenye picha, kumbe kosa liko kwenye anwani. Dawa yake ni kuuamuru msimbo wa kuchora uanze kwenye mpaka wa ukurasa. DASM, asembla inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ina amri ya kupanga hivyo. Na jumla ya mistari isiyumbe: fremu moja ikiwa na 262 na inayofuata 264, televisheni ya kioo cha zamani inaruka juu chini. Kwa PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, mistari iwe 312. Ikiwa witiri, televisheni nyingine zinapoteza rangi kabisa.

Nimekaa sana kwenye Atari kwa makusudi. Mtu akiielewa mistari ile 262, mashine nyingine zote zinampokea vizuri.

Game Boy inakuonea huruma zaidi. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 8 na nyingine 8 za picha, skrini ya 160 kwa 144, vivuli vinne, na inachora mandhari yenyewe kwa vigae. Lakini bado inachora mstari kwa mstari, na ujanja wa demo unaingia hapo hapo. Nataka niwaeleze wimbi, lile pindo la picha linaloyumba kama maji, kwa sababu ni la kwanza kila mtu analolijaribu, na karibu kila mtu anakosea pale pale.

Rejista ya SCX, iliyoko FF43, inasogeza mandhari kwenda kushoto. Ukiibadilisha mara moja kwa fremu, picha nzima inasogea. Ukiibadilisha kila mstari, kila mstari unasogea kivyake, na hilo ndilo wimbi. Unafungua ukatizaji wa STAT, ishara inayoisimamisha programu kidogo ili msimbo mwingine uingie, kwa kipindi cha HBlank, yaani pumziko la mwisho wa mstari. Mashine inaruka hadi anwani ya 0048. Pale una baiti nane tu kabla ya 0050, kwa hiyo weka ruko la kwenda kwenye msimbo wako wa kweli. Msimbo huo unasoma LY, rejista inayosema tuko mstari wa ngapi, unaongeza hatua ya wimbi, unachukua thamani kwenye jedwali la sine la namba 256, unaiandika SCX, unarudi. Kila fremu, kwenye VBlank, yaani pumziko la mwisho wa fremu, unaongeza hatua kwa moja.

Sasa sikilizeni yanayoharibika. Jedwali lisipoanza kwenye anwani inayoishia na 00, jumla inavuka na unasoma takataka: wimbi zuri, halafu ghafla mstari mmoja unaruka kando. Ukisahau kuhifadhi rejista za prosesa, AF na HL, mwanzoni mwa ukatizaji na kuzirudisha mwishoni, programu kuu inalewa na kuanguka mahali pasipohusika. Na lile ambalo wengi hawalioni kwa wiki nzima: HBlank ya mstari wa kwanza inakuja baada ya mstari wa kwanza kuchorwa. Unachoandika pale kinahusu mstari wa pili. Mstari wa juu kabisa unabaki na thamani ya fremu iliyopita, unaonekana umekatika kutoka kwenye wimbi. Uupe thamani yake ndani ya VBlank. Mstari mmoja tu wa pikseli, ndiyo. Lakini kwenye ukumbi wenye skrini ya mita kumi, watu wanaojua wataangalia pale pale.

Jambo moja la usalama, maana humu kuna wenye Game Boy halisi: usizime skrini kupitia LCDC, rejista inayoongoza skrini, nje ya VBlank. Subiri LY ifike 144. Kwenye emuleta, programu inayoiga mashine, hakuna kinachotokea, kwenye mashine halisi unaweza kuiharibu skrini. Na faili lako lisipokuwa na zile baiti 48 za nembo kuanzia 0104 pamoja na jumla ya uhakiki pale 014D, mashine halisi inagoma kuwaka. Zana ya rgbfix iliyomo kwenye RGBDS, mkoba wa zana za kuandikia Game Boy, inakujazia yote hayo.

Nimetaja emuleta na mashine halisi mara mbili sasa. Hadithi ya jambo hili ni ya kikundi cha Titan. Kwenye Revision ya mwaka 2017 walionyesha Overdrive 2, demo ya Mega Drive, mashine ya Sega iliyotoka Japani mwaka 1988: prosesa ya 68000 yenye kasi ya megahezi 7.6 hivi, kilobaiti 64 za kumbukumbu na 64 za picha. Watu waliijua mashine ile kwa karibu miaka thelathini na wakadhani wamemaliza. Titan wakachimba hadi wakaifikia rejista ya majaribio ndani ya chipu ya picha, rejista ambayo vitabu vya watengenezaji wa gemu havikuieleza, wakaifanya ichanganye tabaka za picha kwa namna ambayo mashine haikukusudiwa. Nini kikatokea? Emuleta zikashindwa kuicheza. Ilibidi waandishi wa emuleta warudi mezani, waisome mashine upya, warekebishe programu zao ziifikie demo.

Fikirini hilo. Emuleta ni maelezo ya mashine yaliyoandikwa na binadamu. Demo ikaonyesha kwamba maelezo yana pengo. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: jaribu kwenye mashine halisi. Mapema, si siku moja kabla ya shindano. Jaribu kwenye mashine halisi.

Sasa muda wa pili, muda wa muziki.

Wazee wa sanaa hii bado wanaizungumzia Second Reality ya kikundi cha Future Crew, iliyoshinda Assembly mwaka 1993. Ilikuwa ya kompyuta ya kawaida, si ya mashine ya gemu, lakini somo lake halina mipaka. Kila sehemu yake ilikuwa programu inayojitegemea. Nyingine ziliandikwa kwa C, nyingine kwa asembla, nyingine kwa Pascal, na zote ziliunganishwa na kipande kimoja kilichokaa kwenye kumbukumbu na kuziambia muziki umefika wapi. Hakuna sehemu iliyojihesabia muda wake yenyewe. Zote ziliuliza. Msimbo wake ulitolewa hadharani mwaka 2013, nendeni mkausome.

Kwa nini wasijihesabie? Kwa sababu fremu si saa. Game Boy haionyeshi fremu 60 kwa sekunde. Inaonyesha 59.73. Mtu anatunga muziki kwenye kompyuta, anapanga picha kwa kudhani sekunde moja ni fremu 60, na mwanzoni kila kitu kinaoana. Dakika tatu baadaye picha imechelewa kwa sekunde 0.8. Pigo kubwa la ngoma limepita, mlipuko wa picha unakuja nyuma yake kama aliyechelewa msibani. Na demo iliyopimwa kwa fremu za PAL, 50 kwa sekunde, ukiiwasha kwenye mashine ya 60 inakimbia kwa asilimia 20.

Kwa hiyo uliza muziki. Kwenye mashine ndogo, muziki na picha viongozwe na VBlank ile ile. Kwenye mashine kubwa, soma sampuli ya sauti iliyofika kwenye spika, usisome saa ya mfumo. Kisha geuza kuwa safu, yaani mistari ya jedwali la muziki: sekunde mara mapigo kwa dakika, gawanya kwa 60, zidisha kwa safu kwa kila pigo. Kwa muziki wa mapigo 125 na safu 8 kwa pigo, unapata safu 16.67 kwa sekunde. Zana ya GNU Rocket inafanya kazi hivyo: unaandika namba kwenye safu, kwa mfano mwanga ni 0 kwenye safu ya 64 na 1 kwenye ya 72, na unachagua ziungane kwa kuruka, kwa mstari ulionyooka, au kwa ulaini. Demo inaendelea kucheza wakati unabadilisha namba. Mpangaji mzuri hapigi picha kila pigo. Anaacha mapigo kumi yapite, anagusa moja.

Haya, sasa tufike kwenye pedi.

Mwezi Oktoba 2008, Sony ilitoa kwenye PlayStation Network kazi inayoitwa Linger in Shadows, ya kikundi cha Plastic kutoka Poland. Bei ilikuwa dola 2.99. Ilikuwa demo kamili: mbwa, paka, jiji, kiumbe kinachoelea angani, moshi mweusi. Wakaitangaza kama sanaa, si gemu. Lakini walimpa mtazamaji pedi ya PlayStation 3 yenye kihisio cha mwendo, wakamruhusu kusogeza kamera, kuurudisha muda nyuma na kuupeleka mbele, na kutafuta salamu zilizofichwa kwa vikundi vingine vya demo. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2009, Wajerumani wa .theprodukkt wakaleta .detuned: mtu amekaa kwenye kiti, nawe unaigeuza picha kwa pedi, na unaweza kuweka muziki wako mwenyewe uliouhifadhi kwenye mashine.

Mnaona tofauti? Plastic waliubakiza muda wao, wakakuruhusu uushike kwa mkopo. .theprodukkt waliuachia kabisa. Ukiweka muziki wako, hakuna tena pigo ambalo msanii alilijua kabla. Mimi naiona njia ya Plastic kuwa ngumu zaidi na yenye heshima zaidi kwa kazi yenyewe. Demo ikipoteza mpangilio wa muda, kinachobaki ni kichezeo kizuri. Najua wapo humu wasiokubaliana nami, na tutajadili baadaye.

Kwa nini wote wawili walihitaji Sony? Kwa sababu PlayStation 3 haikuwa wazi kama Game Boy. Iliruhusu Linux, lakini programu ya usimamizi iliyokaa chini ya mfumo iliizuia Linux isiufikie uwezo wote wa chipu ya picha, na Aprili 2010 ruhusa yenyewe ikaondolewa kwa toleo la 3.21 la mfumo. Na ndani mna ugumu wa aina yake. Prosesa ya Cell inaipa gemu visaidizi sita vinavyoitwa SPE, kila kimoja na kilobaiti 256 tu, zikiwemo za msimbo wenyewe. SPE haisomi kumbukumbu kuu moja kwa moja. Data inavutwa kwa vipande visivyozidi kilobaiti 16, na anwani zikae kwenye mpaka wa baiti 16, ikiwezekana 128. Chembe moja ya moshi ikichukua baiti 32, kila mvuto unaleta chembe 512. Unaweka mabeseni mawili: hili linakokotolewa, lile linajazwa. Ukitumia moja tu, kisaidizi kinakaa kikisubiri na moshi wako unakwama. Mashine ya mwaka 2006, na bado msanii anahesabu baiti kama wa 1977!

Lakini kukokotoa moshi si kazi ngumu kuliko zote. Kazi ngumu ni mtu mwenye pedi. Mtu huyu hufanya mambo mawili ambayo hukuyapanga: hafanyi chochote, au anafanya kila kitu kwa pamoja. Kwa wa kwanza, kazi iwe na njia ya kwenda yenyewe. Pedi ikilala sekunde 20, demo ishike usukani polepole na iendelee. Kwa wa pili, usiruhusu kitendo chake kikate muziki katikati. Gawa kazi kuwa vituo, kila kituo kiwe na mzunguko wa muziki wa vipimo 4 au 8. Kwa mapigo 125, kipimo cha mapigo manne ni sekunde 1.92, na vipimo 8 ni sekunde 15.36. Mtu akifungua mlango wa kituo kinachofuata, picha imjibu papo hapo, mwanga au mtikisiko mdogo ajue amesikika, lakini muziki uhame mwanzoni mwa kipimo kinachofuata. Hatasubiri zaidi ya sekunde mbili, na hataona kwamba amesubirishwa. Hapo muda umeshikwa na wawili, na hakuna aliyenyang'anywa.

Mkono wa binadamu unatetemeka, na kihisio kinatetemeka zaidi. Vijiti vya pedi vipe eneo mfu la asilimia 15 hadi 20 katikati, la sivyo kamera inajisogeza yenyewe kwenye pedi iliyochakaa, na pedi za maonyesho zote zimechakaa. Kisha lainisha. Wengi wanaandika: kila fremu, sogea asilimia 10 kuelekea lengo. Kwenye fremu 60 inapendeza. Onyesho likishuka hadi fremu 30, kamera inakuwa nzito mara mbili, na mtu anadhani pedi imeharibika. Tumia kipimo cha muda: moja toa e kwa kipeo cha hasi muda wa fremu gawanya kwa 0.15. Kwenye fremu 60 unapata asilimia 10.5, kwenye 30 unapata 19.9, na mkono unahisi uzito ule ule. Na televisheni ya ukumbini iwekwe kwenye hali ya gemu kabla watu hawajaingia, kwa sababu usindikaji wa picha unachelewesha jibu kwa fremu kadhaa, na hakuna msimbo wako utakaoliponya hilo.

Kuna hadithi moja ya pedi na kibodi ambayo kila mtengenezaji wa sanaa ya namna hii anapaswa kuijua. Mwaka 2004, kwenye mkutano wa Breakpoint nchini Ujerumani, hao hao .theprodukkt walileta .kkrieger, gemu la kupiga risasi lenye pande tatu, vyumba, mwanga na vivuli, lote ndani ya kilobaiti 96. Ili wafikie kipimo hicho walitengeneza zana iliyoangalia ni mistari ipi ya msimbo inatumika mtu akicheza. Mtu akakaa, akacheza. Mistari ambayo haikuguswa ikafutwa. Ikafanya kazi! Gemu likaingia kwenye kipimo. Ila kwenye menyu, unaweza kushuka chini na huwezi kupanda juu. Kwa nini? Kwa sababu aliyecheza siku ile hakubonyeza kitufe cha juu.

Kwa hiyo mkijaribu kazi zenu, msimpe pedi aliyeiandika. Yeye anajua pa kubonyeza. Mpeni mtoto. Mpeni mzee ambaye hajawahi kuishika. Mpeni anayetumia mkono wa kushoto. Mkae kimya nyuma yake, mwandike anachobonyeza.

Wengine mtaniuliza: sisi tuanzie wapi, na PlayStation ya kutengenezea hatuna? Anzieni kwenye TIC-80. Ni mashine ya gemu isiyo na chuma, ipo kama programu ya bure. Skrini yake 240 kwa 136, rangi 16, na laptop yoyote inaiendesha. Kwenye mikutano ya demo watu hushindana humo jukwaani, baiti 256 kwa dakika 25. Andikeni hivi:

t=0
function TIC()
 for y=0,135 do for x=0,239 do
  pix(x,y,8+(math.sin(x/20+t)+math.sin(y/15-t)+2)*1.2)
 end end
 t=t+.05
end

Hiyo ni plazma, mawingu ya rangi yanayotembea. Kwa nini 8, na kwa nini 1.2? Kwa sababu kwenye rangi zake za kawaida, namba 8 hadi 12 zinapanda kutoka bluu nzito hadi nyeupe. Jumla ya sine mbili ukiongeza 2 inakwenda kutoka 0 hadi 4, zidisha kwa 1.2 unapata hadi 4.8. Ukijumlisha 8 ni 12.8, desimali inakatwa, na matokeo hayavuki 12. Ukizitumia rangi zote 16 kwa mpigo utapata viraka, kwa sababu hazikupangwa kwa ngazi. Pikseli ni 32,640 kwa fremu, karibu milioni mbili kwa sekunde. Laptop ikilemewa, chora mstari mmoja uache mmoja.

Kisha ongezeni pedi. Badala ya kuongeza .05 daima, muda uongezwe kwa thamani inayobadilika: btn(3), kitufe cha kulia, iupeleke mbele, btn(2), cha kushoto, iurudishe nyuma, na asipobonyeza chochote urudi wenyewe kwenye .05, ukilainishwa. Hapo mtakuwa mmegusa jambo lile lile walilolishika Plastic.

Meza tano za nyuma zina laptop zenye TIC-80 tayari, na ile ya kona ina Game Boy mbili na katriji ya kupakia. Kaeni watatu watatu: mmoja aandike, mmoja ahesabu, mmoja ashike pedi. Wa pedi asiwe aliyeandika. Baada ya saa moja tutawasha projekta na kutazama kazi moja moja, na televisheni nimeshaiweka kwenye hali ya gemu.